Kumfundisha kijana anayetoka kituoni kujilisha mwenyewe: njia nne zikilinganishwa

Kwenye makao ya watoto yenye watu 60, maharage huingia kwa gunia, ugali husongwa kwenye sufuria kubwa juu ya kuni, na anayejua bei ya unga ni mhasibu na mtunza stoo. Kijana aliyekulia hapo amekula milo mitatu kwa kengele miaka kumi. Siku akipanga chumba mtaani anakuta ana jiko moja, sufuria mbili, hana friji, na hela inayoingia kwa vipande: leo kibarua kipo, kesho hakipo. Wengi wao kupika wanajua kidogo. Kinachowashinda ni kukifanya chakula kifike Jumapili kwa hela iliyopatikana Jumatatu.

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwa vituo vingi siku ya kuzaliwa ya 18 ndiyo mwanzo wa kuhesabu kuondoka. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, yaani malezi ya mtoto asiyelelewa na wazazi wake, iliyopitishwa mwaka 2009, inataka maandalizi ya kijana kujitegemea yaanze mapema, kabla ya muda wa kuondoka haujakaribia. Mapema kiasi gani, na yafanyikie wapi? Hapo ndipo wasimamizi wa vituo, walezi na maafisa ustawi wa jamii hukwama. Njia zinazotumika ni nne: mafunzo jikoni mwa kituo, chumba cha mpito, kukaa na familia, na kumfuata kijana huko alikohamia.

Vigezo vya kulinganishia

Cha kwanza ni anachojifunza kweli. Kujilisha kuna sehemu nne: kupika, kununua, kutunza chakula kisiharibike, na kupanga mlo wenye mchanganyiko. Njia moja inaweza kufundisha vizuri sehemu ya kwanza na isiguse kabisa ya pili.

Cha pili ni kosa linamgharimu nani. Maharage yakiungua kituoni, yapo mengine stoo. Yakiungua kwenye chumba cha kupanga, mtu analala njaa. Kijana anahitaji mahali ambapo kosa linauma kidogo.

Cha tatu ni gharama na watu wanaohitajika. Cha nne ni namna njia inavyoharibika, maana kila moja ina ugonjwa wake. Cha tano ni nani inamfaa. Bei tumeziacha kwa sababu hubadilika kila msimu. Vipimo vipo, bei za sokoni kwako utazijaza mwenyewe.

1. Mafunzo jikoni mwa kituo

*Anachojifunza.* Kupika, na usafi wa jikoni. Sharti ni moja: apikie mtu mmoja au wawili, kwa vyombo vya nyumbani. Kijana aliyezoea kumwaga debe la unga kwenye sufuria la watu 60 hajui robo kilo ikoje mkononi. Tengeni sufuria ya lita 2 na ya lita 3, jiko moja, kikombe cha mililita 250 na mwiko mdogo. Vijana wanne hadi sita kwa darasa wanatosha. Wakizidi hapo, wawili wanapika na wengine wanapiga soga.

Ugali wa mtu mmoja mwenye njaa ni nusu lita ya maji na unga wa gramu 250 hivi. Vijiko vitatu vya unga vikorogwe kwanza kwenye maji baridi, viingie kwenye maji ya moto, uji uchemke dakika tatu hadi tano, ndipo unga uliobaki uingie kidogo kidogo huku akisonga. Kisha afunike kwa moto mdogo dakika tatu. Madonge yanatokea pale unga mkavu unapomwagwa wote kwenye maji yanayotokota, na ugali mbichi hutokana na kuruka hatua ya uji.

Maharage yanastahili somo zima peke yake, kwa kuwa ndiyo yatakayombeba. Robo kilo kavu inatoa milo mitatu ya mtu mmoja. Ayachague mawe, ayaoshe, ayaloweke saa 8 hadi 12 kwa maji mara tatu ya ujazo wake, kisha maji hayo ayamwage. Yakiwekwa jikoni yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini ambayo moto wa taratibu hauiondoi. Anayekula yakiwa nusu mbichi hutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Nyanya ziingie yakishaiva, kwani uchachu wake hufanya yasilainike. Magadi yanaharakisha kuiva lakini yanaharibu vitamini B1, na aliyeloweka usiku hayahitaji.

Kwenye lishe, bango la makundi sita ya chakula ukutani halitoshi. Mfundishe mambo matatu anayoweza kuyafanya leo. Kila mlo wa ugali au wali uwe na kitu cha jamii ya kunde au cha mnyama pamoja na mboga ya majani. Limau likamuliwe kwenye mboga au chungwa liliwe pamoja na mlo, kwa kuwa vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, isubiri saa moja hivi, kwa sababu inazuia madini hayohayo. Kwa wasichana, wanaopoteza damu kila mwezi, mambo haya mawili ya mwisho yana uzito zaidi. Dagaa waliooshwa mchanga, wakaliwa wazima na mifupa yao, wanampa protini na kalsiamu kwa bei ambayo nyama haifiki.

*Kosa linamgharimu nani.* Kituo. Hii ni nafuu kwa anayeanza, na ni udhaifu kwa anayekaribia kuondoka.

*Gharama na watu.* Ndogo kuliko zote. Jumamosi kumi, saa tatu kila moja, na mpishi mmoja anayependa kufundisha. Si kila mpishi hodari ni mwalimu. Wengine wakiona kijana anachelewa humnyang'anya kisu.

*Inapoharibika.* Darasa linageuka kibarua. Vijana wanamenya viazi gunia zima, kituo kinaandika kwenye ripoti kwamba wamefundishwa stadi za maisha. Pengine wasichana wanaitwa jikoni na wavulana wanatumwa kuni, na mvulana huyo akipanga chumba anaishi kwa chipsi mayai mpaka hela inakata wiki ya pili. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba viungo vyote vinatoka stoo vikiwa vimepimwa, hivyo kununua hakufundishwi hata siku moja. Dawa yake ni ndogo: somo lianzie gengeni, kijana akiwa na hela mkononi, na chenji irudi ikiwa imeandikwa.

*Inamfaa nani.* Wenye miaka 13 hadi 16, na kituo kisicho na bajeti ya ziada. Kwa wa miaka 17 ni msingi tu.

2. Chumba cha mpito

*Anachojifunza.* Hapa kijana mmoja au wawili wanahamia chumba chao, ndani ya eneo la kituo au cha kupanga jirani, na wanaendesha chakula chao wenyewe miezi mitatu. Sehemu zote nne zinaguswa, ila thamani yake hasa iko kwenye kununua na kutunza.

Posho itolewe kwa ngazi. Wiki mbili za kwanza kila siku. Wiki ya tatu na ya nne, kila baada ya siku tatu. Mwezi wa pili, mara moja kwa wiki. Mwezi wa tatu ivurugwe makusudi: wiki hii nusu, ijayo mara moja na nusu, ya kufuata isije mpaka Jumatano. Kibarua cha ujenzi au cha sokoni hulipa hivyohivyo, na kijana aliyezoea posho ya kila Jumatatu hatakuwa amefundishwa hali anayoiendea.

Hela igawanywe bahasha tatu. Ya kwanza ni ya vitu vya mwezi: unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, chumvi, na mkaa au gesi. Ya pili ni ya vitu vya wiki: vitunguu, dagaa, viazi. Ya tatu ni ya kila siku: mboga, nyanya, tunda, yai. Kwa mtu mmoja, orodha ya mwezi ya kuanzia ni unga kilo 6, mchele kilo 4, maharage kilo 3, mafuta lita moja na robo, sukari kilo 1, dagaa nusu kilo hadi kilo, na pakiti moja ya chumvi yenye madini joto. Bila mboga, matunda na viazi, orodha hiyo inatoa kama kilokalori 2,000 kwa siku. Anayebeba zege atahitaji zaidi, na cha kuongeza kiwe maharage na unga kabla ya sukari.

Somo la vipimo lifanyike kwa mizani. Mafuta ya kupimiwa kwenye kikopo, unga wa nusu kilo, sukari ya kufungwa kwenye kimfuko: kijana avipime, agawanye bei kwa gramu au mililita, alinganishe na pakiti ya kilo au chupa ya lita. Mara nyingi kidogo kidogo hugharimu zaidi, na akishapiga hesabu hiyo kwa mkono wake haisahau. Ila asiwe mtumwa wa kanuni hiyo. Dona, ambayo haijatolewa pumba na kiini, huchacha na kuingia wadudu upesi kuliko sembe, kwa hiyo kilo mbili mbili ndicho kipimo chake hata kama gunia ni rahisi.

Mahindi na karanga afundishwe kuvikagua. Punje zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi hutupwa. Hazichanganywi na nzima ili zisionekane. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na Tanzania ilipata mlipuko wake mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Halafu kuna kiporo. Kumkataza Mswahili kiporo ni kazi bure, kwa hiyo mfundishe upi ni upi. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Wali ni mbaya zaidi kuliko unavyofikiri: vijidudu vyake hustahimili kupikwa, huzaliana wali ukikaa vuguvugu, na sumu wanayoitoa haiondoki hata ukiukaanga upya asubuhi. Bila friji, wali upikwe wa kumaliza. Maharage ya kuchemsha yasiyoungwa ndiyo yanayobebeka kidogo nje ya kanuni hiyo ya saa mbili, ingawa hayakosi hatari kabisa: yachemshwe upya mpaka yatokote usiku, yafunikwe bila kuchovya kijiko kilichotumika, yachemshwe tena asubuhi, na yaliwe yaishe mchana huo. Yakitoa povu au harufu ya uchachu, yamwagwe.

*Kosa linamgharimu nani.* Kijana, kwa kiasi. Anaweza kula ugali na chumvi siku moja. Asifike siku ya pili.

*Gharama na watu.* Kodi au chumba kilichokuwa stoo, vyombo, posho ya miezi mitatu, na mlezi mmoja wa kukaa naye nusu saa kila Ijumaa kupitia daftari la matumizi. Chumba kimoja kinapitisha vijana wanane kwa mwaka wakikaa wawili wawili.

*Inapoharibika.* Kwa namna mbili zinazopingana. Ya kwanza, mlezi mwenye huruma anapitisha sahani dirishani kila hela ikiisha, na somo linakufa kimyakimya. Ya pili, mlezi mkali anaacha njaa ifundishe, jambo ambalo kwa mtoto aliyewahi kulala njaa utotoni linafufua hofu ileile. Wengine huanza kuficha chakula chini ya godoro. Weka ndoo ya dharura yenye unga kilo 2, maharage kilo 1 na chumvi, iliyofungwa kwa utepe. Anaruhusiwa kuifungua wakati wowote, bila adhabu, ila akiifungua mnakaa mnapitia daftari pamoja.

Kosa la tatu ni kumpa starehe asizokwenda nazo. Ukimpa friji na jiko la umeme la kituo, umemfundisha kuishi kwenye chumba ambacho hatakuwa nacho. Na wakiwa wawili, wapokezane kupika siku kwa siku, vinginevyo mmoja anakuwa mpishi na mwenzake mteja.

*Inamfaa nani.* Wa miaka 17 na 18 wanaokwenda kuishi peke yao, waliokwisha kupita jikoni. Haimfai anayepambana na ulevi au msongo mkubwa wa mawazo mpaka apate msaada huo kwanza.

3. Kukaa na familia

*Anachojifunza.* Mambo ambayo hayaandikwi kwenye ratiba. Kwamba ukienda gengeni jioni, fungu la mchicha linashuka bei. Kwamba wageni wakija, mchuzi unaongezwa viazi. Namna ya kumwambia mangi wa dukani "niandikie, nitalipa Jumamosi" na kulipa kweli Jumamosi. Namna mama anavyochemsha kisamvu kikaiva vizuri kabla ya kukitia nazi. Kituo hakina mwalimu wa mambo haya, maana kituoni hayapo.

Njia hii ina faida nyingine: mtu wa kumpigia simu. Kijana aliyekuwa kwa familia fulani likizo tatu anaweza kuuliza, "Mama, shikamoo, maharage yangu yametoa povu, niyamwage?" Kitabu cha mapishi hakijibu swali hilo saa mbili usiku.

*Kosa linamgharimu nani.* Familia, na mara nyingi husamehe kimya. Ndiyo maana kijana anaweza kukaa mwezi mzima asijue kwamba alimwaga mafuta ya siku tatu.

*Gharama na watu.* Familia isibebeshwe mzigo. Robo ya orodha ya mwezi iliyotajwa juu iende nayo kila wiki: unga kilo moja na nusu, mchele kilo 1, maharage robo tatu, mafuta kikombe kimoja na robo, pamoja na hela ya mboga. Upatikanaji wa familia upitie kwa afisa ustawi wa jamii, hata kama ni ndugu wa damu au muumini wa kanisa moja au jirani wa msikiti. Utaratibu wa familia za kuaminika, zinazochunguzwa na ustawi wa jamii kabla ya kupokea mtoto, upo kwa ajili hiyo, na makubaliano ya mdomo baina ya mlezi na rafiki yake yamewahi kuwaweka watoto pabaya. Kenya, mkakati wake wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unasukuma watoto watoke kwenye vituo waende kwenye familia, kwa hiyo huko njia hii itazidi kutumika.

*Inapoharibika.* Kijana anakuwa mgeni, anaandaliwa, anakula, anasema ahsante. Au anakuwa dada wa kazi asiye na mshahara, anaamka saa kumi na moja kuwasha jiko huku watoto wa nyumba wamelala. Yote mawili yanazuiwa na karatasi moja iliyokubaliwa kabla: siku tatu za kwanza atazame na asaidie, kuanzia ya nne apike mlo mmoja kwa siku, wiki ya pili anunue na kupika siku mbili nzima kwa hela atakayopewa, kazi nyingine za nyumbani alingane na watoto wa umri wake. Afisa au mlezi apige simu azungumze na kijana mwenyewe, akiwa peke yake.

*Inamfaa nani.* Aliyeingia kituoni akiwa mdogo mno, asiyekumbuka nyumba inaendaje. Pia anayetarajiwa kurudi kwa ndugu, kwani atajifunza jiko lilelile atakalolitumia.

4. Kumfuata kwake

*Anachojifunza.* Kila kitu, kwenye jiko lake, kwa hela yake. Hakuna cha kuigiza. Mlezi anafika na mfuko wa vitu vichache, wanapika pamoja, wanazungumza.

Ziara za mwanzo zina kazi ya usalama kabla ya lishe. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke, hasa msimu wa baridi wanapoliacha liwatie joto. Liwashwe nje, na likimaliza kupika litolewe nje, lisilale chumbani hata kama linaonekana limezimika. Mwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 ausimamishe wima, apake povu la sabuni kwenye kiungio, akiona mapovu yanakua afunge na asiwashe kiberiti wala swichi. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika moja, yapoe kwenye ndoo yenye mfuniko, yachotwe kwa kikombe chenye mkono.

Vifaa vya kuanzia visizidi vinavyotumika: sufuria mbili zenye mifuniko, kisu, ubao, mwiko, ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, chujio, kikombe cha kipimo, jiko, na makopo matatu yanayofunga vizuri kwa ajili ya unga, mchele na maharage.

Hapa pia ndipo pa kusema ukweli kuhusu mama lishe. Kijana anayetoka kazini saa kumi na mbili, akapepee mkaa saa nzima kwa ajili ya sahani moja, hajaokoa kitu. Mlo mmoja wa mchana kwa mama lishe, akichagua wali maharage na mchicha badala ya chipsi, na miwili ya nyumbani ni mpango wa heshima kabisa. Walezi wanaohubiri kwamba kula nje ni uvivu hawajapiga hesabu ya mkaa.

*Kosa linamgharimu nani.* Kijana peke yake, na kwa ukamilifu.

*Gharama na watu.* Nauli na muda. Ziara ya kwanza ifanyike siku ya tatu, hela ya mwanzo ikiwa bado ipo. Ya pili wiki ya pili, ambapo wengi hukwama. Halafu kila wiki mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Baadaye mara moja kwa mwezi hadi miezi sita. Kwa ratiba hiyo mfanyakazi mmoja hawezi zaidi ya vijana wanane hadi kumi kwa wakati mmoja, na akipewa ishirini ziara zinageuka simu, simu zinageuka ujumbe.

*Inapoharibika.* Ziara inakuwa ukaguzi. Mlezi anafunua sufuria, anatikisa kichwa, na ziara inayofuata kijana "amesafiri". Usifunue chombo bila ruhusa. Uliza, "Wiki hii chakula gani kilikusumbua?" kisha nyamaza. Tatizo jingine ni la muda: ukifika mara ya kwanza mwezi wa pili, deni la dukani limeshajaa ukurasa na pengine amekopa kwenye simu kulilipa.

*Inamfaa nani.* Kila aliyeondoka, kama nyongeza. Kama njia pekee, inamfaa mwenye misingi ya kupika tayari.

Uchague kwa hali yako

Kama kijana amebakiza mwaka au zaidi, anza jikoni Jumamosi, mpeleke kwa familia likizo moja au mbili, na miezi sita kabla ya kuondoka aingie chumba cha mpito. Mpangilio huu unatanguliza makosa rahisi na kuacha yanayouma karibu na mwisho.

Imebaki miezi mitatu na hajawahi kushika mwiko? Jikoni mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu, mapishi sita tu: ugali, wali, maharage, mboga ya majani, dagaa, mayai. Kisha chumba cha mpito wiki nane, ukianza na posho ya kila siku tatu. Lishe ya makundi mpe kwa kupika, usimpotezee siku na bango.

Kituo hakina hela ya chumba? Tenga kona ya jikoni, jiko moja na kabati linalofungwa, na kwa wiki nne kijana apewe posho yake ya chakula ajipikie hapohapo huku wenzake wakila cha kengele. Hailingani na chumba, lakini kununua na kugawa anajifunza. Ujiandae kwa malalamiko ya wenzake watakaoona yeye anakula mayai.

Kijana anaondoka akiwa na mtoto mchanga: weka familia mbele, kisha umfuate kwake kila wiki. Mtoto ni maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita, halafu uji mzito na chakula laini kilichopondwa pamoja na kuendelea kunyonya. Mama anayenyonyesha huongezewa milo midogo miwili kwa siku, na orodha ya mwezi ipandishwe kulingana na hilo.

Anakwenda chuo cha ufundi chenye bweni na kantini? Chumba cha mpito kwake ni gharama kubwa kwa ujuzi atakaoutumia baadaye. Mfundishe posho ya mwezi, kuchagua sahani kantini, na usafi wa maji, kisha panga ziara zianze wiki ile atakayomaliza masomo na kutafuta chumba.

Na kama ameshaondoka bila kufundishwa chochote, usimrudishe darasani kituoni, maana wengi huona aibu na hawaji. Nenda naye gengeni Jumamosi, mnunue vya siku mbili kwa hela yake na vya siku moja kwa hela yako, mpike maharage ya kulowekwa usiku, na kabla ya kuondoka hakikisha jiko limetolewa nje.